Piga Hodi Mchana

Kaa hapa karibu nami, mwanangu. Chai ingali moto, na najua una haraka. Umekuja nikusaidie kutunga shairi la Moraa wa Ng'iti, ulisome Siku ya Mashujaa. Nitakusaidia. Lakini kwanza nisikilize.

Hadithi yenyewe unaijua. Mwaka 1905 askari wa Mwingereza walipanda huku Gusii na bunduki zao. Mwaka 1907 wakajenga kituo pale ulipo mji wa Kisii leo. Moraa alikuwa mama wa Kitutu, hukuhuku Gusii, mganga na mtabiri. Silaha yake ilikuwa ulimi. Tunasimuliwa kwamba alizunguka akiwaambia wanaume kuwa, kama wanaogopa, wanawake watatwaa ngao waende wao. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, ambaye wengi husema alilelewa na Moraa, alimvizia Northcote, yule mtawala ambaye wazee wetu walimwita Nyarigoti, akamchoma mkuki. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Kisha kisasi kikaja. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakafa. Churchill, ambaye wakati huo alikuwa waziri mdogo wa makoloni, alisoma kwamba watu 160 wameshauawa. Hata yeye aliandika kulalamika kwamba mauaji yamezidi.

Mambo hayo niliwafundisha watoto kwa miaka mingi. Nilikuwa kijana kama wewe, mwalimu mpya, na ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Nilitunga mchezo wa kuigiza. Msichana mmoja alivaa ngozi ya mbuzi akawa Moraa. Alipowakaripia wanaume jukwaani, wazazi walisimama wakapiga vigelegele. Nami nilisimama nyuma, machozi yakinilengalenga.

Jioni hiyo, nikirudi nyumbani, nilipita mlangoni kwa bibi mmoja jirani yetu. Alikuwa mjane. Alijua dawa za tumbo la watoto, hata mimi alinitibu nilipokuwa mdogo. Alikuwa ameketi nje akichambua mboga za chinsaga. Sikumsalimu, mwanangu. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ni mchawi, nami sikutaka nionekane nimesimama kwake.

Miezi michache baadaye mtoto wa jirani akafariki. Usiku vijana wakaja kwa bibi yule na mienge. Mimi nilisimama kwenye ua wetu, nikaona paa la nyasi likishika moto. Niliwajua wote kwa sauti zao. Wengine walikuwa wamekaa darasani kwangu. Sikufungua kinywa. Bibi alinusurika kwa kupitia migombani, akafika kwa binti yake upande wa Nyamira. Hakurudi tena. Shamba lake likalimwa na wengine kabla ya mvua ya pili. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitafutwa. Vishamba vyetu ni vidogo, na mjane asiye na mtetezi huonekana amekalia udongo wa watu.

Asubuhi iliyofuata niliingia darasani nikafundisha juu ya ujasiri wa Otenyo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Unadhani ni mambo ya zamani? Mwaka 2008, wazee 11 walichomwa moto hukuhuku Kisii. Oktoba 2021, mwezi wenyewe wa Mashujaa, wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hizohizo za uchawi. Marani ni Kitutu, mwanangu. Ni kwao Moraa. Mwanamke mzee, mjuzi wa dawa, mwenye maneno makali: akizaliwa tena leo, nani kati yetu angemfungulia mlango?

Nilipostaafu niliamua kufanya kidogo ninachoweza. Zamani tulikuwa na risaga, majirani kulimiana kwa zamu. Nikasema tuifufue kwa ajili ya wajane na wazee wanaoishi peke yao. Nilikosea tena. Jumamosi ya kwanza niliwapeleka vijana kumi, kila mmoja na panga au jembe. Bibi tuliyemwendea alituona kutoka mbali, akakimbia kujifungia ndani. Tulimsikia akisali. Tuliondoka bila kukata hata unyasi mmoja.

Nilichukua muda kujifunza. Siku hizi anatangulia kijana mmoja, mchana kweupe, mikono mitupu. Anapiga hodi, anamwita magokoro, yaani bibi, anakaa. Pengine ni ziara tatu, pengine sita, kabla ya bibi kukubali tumsafishie shamba, tumchotee maji kisimani au tupigilie bati lililong'oka. Yupo mmoja ambaye tulimzuru karibu mwaka mzima akitujibu kupitia dirishani. Sasa anatuimbia nyimbo alizofundishwa na mama yake, na kijana mmoja anaziandika daftarini. Majirani wanaona. Wakizoea kuona vijana wakiingia na kutoka kwake, minong'ono hupungua. Mzee anayetembelewa si rahisi kumzushia.

Tunakwenda pande zote mbili za Kitutu. Kitutu Chache iko Kisii na Kitutu Masaba iko Nyamira, lakini mpaka huo uliwekwa na serikali, Moraa hakuujua.

Basi shairi lako tutalitunga, na tutalitunga vizuri. Sitaki litoke kwenye vitabu vyangu tu. Jumamosi hii kuna bibi kule chini ya kilima, karibu na kijito, anayeishi peke yake na mbuzi wawili. Bado hajatufungulia mlango. Nenda wewe. Nenda saa nne asubuhi jua likiwa limetoka, na panga uliache hapa kwangu.