Kuhamia Morogoro

Asubuhi hii, wapo wakazi wa Dar es Salaam wanaojiuliza kama maisha lazima yaendelee palepale kwenye foleni.

Tangu Juni 2024, treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) huwafikisha abiria Morogoro kwa takriban saa mbili. Basi huweza kuchukua saa nne au zaidi. Pale Msamvu, mjini Morogoro, barabara zinagawanyika: moja yaenda Dodoma, nyingine Iringa na Mbeya.

Mji una neema zake: hewa ya Milima ya Uluguru, mboga mbichi sokoni, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa 1984.

Anayehamia apange nyumba kwanza, awaulize majirani maji hutoka mara ngapi kwa wiki, apime umbali wa shule na zahanati, ndipo atafute kiwanja.