Injini Kuukuu na Wajibu wa Kutengeneza

Kazi ya fundi aliyekwisha kufariki huheshimiwa zaidi pale chombo alichokiunda kinaporudishiwa uwezo wa kufanya kazi iliyokusudiwa kuliko pale kinapofutwa vumbi na kuwekwa kabatini kuwa pambo. Jambo hili linadhihirika kwa watu wanaokusanya na kufufua injini za kupachika za zamani, yaani mashine zinazofungwa kwa nje kwenye tezi ya mashua na ambazo mtu huweza kuzifungua na kuzibeba begani. Nchini Marekani, ambako shughuli hii imeota mizizi, wapenzi wake waliunda chama chao, Antique Outboard Motor Club, mwaka 1965.

Asili ya mapenzi hayo ni ubunifu wa watu kama Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Wisconsin akiwa mtoto, ambaye mwaka 1909 alianza kuuza mjini Milwaukee injini ya nguvu farasi moja na nusu, iliyokuwa na uzito wa takriban kilo 28. Mwaka 1921 alitoa nyingine, Elto, yenye silinda mbili na sehemu nyingi za alumini, ambayo ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza ilhali nguvu zake zilikaribia kuwa maradufu. Injini zenye jina la Evinrude ziliacha kutengenezwa mwaka 2020, na anayezifufua zile za kale leo hutegemea vipuri vya kuokoteza, vitabu vya zamani vya maelekezo na elimu ya waliomtangulia.

Elimu hiyo huanza na subira. Pistoni iliyonasa kwa kutu haigongwi, bali hudondoshewa oili kupitia tundu la plagi na kuachwa kwa siku kadhaa, kisha flaiwili, yaani gurudumu zito lililo juu ya injini, huzungushwa kwa mkono polepole, kwa kuwa anayetumia nguvu huvunja ringi ambazo hazipatikani tena dukani. Baada ya hapo hukaguliwa magineto, kifaa ambacho huzalisha cheche kwa sumaku bila kuhitaji betri, halafu kabureta, ambamo mna boya dogo la gome jepesi la mti linalodhibiti kiasi cha petroli inayoingia. Boya hilo lilipakwa vanishi ya zamani ambayo huyeyushwa na alkoholi inayochanganywa katika petroli ya siku hizi, hata gome likanywa mafuta na kuzama, na injini ikafurika petroli. Ndiyo maana fundi mwangalifu hulikwangua, akalikausha na kulipaka upya kwa dawa inayostahimili alkoholi.

Hata hivyo, mapenzi ya vitu vya kale hayamwondolei mtu wajibu wake kwa maji. Injini hizi hulainishwa kwa oili inayochanganywa na petroli, na injini za awali za chapa ya Seagull ya Uingereza zilihitaji sehemu moja ya oili kwa sehemu kumi za petroli, kiasi ambacho huacha moshi hewani na utando majini. Kwa hiyo, inafaa ziwashwe mara chache na kwa muda mfupi, ili zisikilizwe na kufundishiwa, wala zisifanywe chombo cha safari za kila siku.

Mafundi wa mwambao wa Afrika Mashariki na wa Ziwa Viktoria, wanaozirudisha injini za wavuvi kazini kwa vipuri vilivyotolewa katika injini zilizokufa, wanaijua kazi hii kwa ulazima wa riziki, na ustadi wao unastahili heshima ileile wanayopewa wakusanyaji wa Marekani. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mtu asitupe mbachao kwa msala upitao. Basi mwenye injini kuukuu asiharakishe kuiuza kama chuma chakavu kabla ya kumwita fundi aikague, na fundi naye amweke kijana kando yake wakati anapoifungua, kwa maana chuma kisicho na mtu anayekijua hakiwezi kuokolewa na makumbusho yoyote.