"Fine," ila...

Ofisini kwetu asubuhi hufunguliwa kwa Kiingereza. "How are you?" "Fine." Basi, kila mtu na meza yake. Juzi dada wa mapokezi alijibu "Fine" ilhali usiku alikuwa amemlaza mwanawe hospitali. Je, alisema uongo?

Nasi Waswahili husema "Nzuri" hata msibani, lakini twaongeza: "Nzuri, ila mtoto anaumwa." Hiyo "ila" ndiyo mlango. Kiingereza nacho kina "but" yake; tatizo hakuna aliyeingoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshampa kisogo.

Ndugu msomaji, kosa si la lugha. Anayeuliza hali ya mwenzake ana deni la kungoja jibu. Asipolingoja hajasalimu, amepita tu.