Majina Kifuani mwa Kuhani

Wasomaji wengi wa alama za koo katika Maandiko huanzia kwa simba wa Yuda, na simba huyo, kwa fahari na mamlaka yake, huwasahaulisha kwamba nyumba ya Lawi, iliyopewa ibada wala haikupewa ardhi, ilikuwa nazo alama zake, tena zenye maana nzito kuliko za wafalme. Makabila mengine yalipiga hema kila moja penye beramu yake. Walawi walikaa katikati, wakiizunguka maskani, na Haruni, kuhani wao mkuu, alitambulikana kwa fimbo iliyochipua ikazaa lozi, na kwa vazi.

Vazi hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Mabegani mwa naivera vilikaa vito viwili vya shohamu, kila kimoja kimechorwa majina 6. Kifuani, vito 12 katika safu nne, kila kimoja na jina la kabila moja, limekatwa kama muhuri. Pindoni, komamanga za nyuzi na njuga za dhahabu zikipokezana. Katika vito vyote hivyo jina la Haruni halimo. Kabaila wa Ulaya aliichora ngao yake ili watu wamjue yeye ni nani. Kuhani alivaa majina ili asisahau, aingiapo mbele za Mungu, ameingia kwa ajili ya nani.

Hata hivyo nasaba haikukosa ukali wake. Waliporudi kutoka Babeli, wana wa Barzilai waliitafuta orodha ya jadi yao wasiione, wakaondolewa katika ukuhani. Na karne nyingi baada ya Hekalu kubomolewa, katika makaburi ya kale ya Wayahudi mjini Prague, mawe ya wazao wa Haruni yamechongwa mikono miwili ya baraka, na ya Walawi birika la kunawishia mikono hiyo.

Huku kwetu Homa Bay na Migori swali la nani astahiliye vazi la kuhani limefika kwa njia zisizofanana. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, pamoja na Peter Nyambo wa Nyasa, walipofungua misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay, walifundisha kwamba Kuhani Mkuu yuko katika patakatifu pa mbinguni. Kwa hiyo mchungaji wa Kisabato, ambaye huenda azijua safu zile nne kwa moyo, havai kito hata kimoja. Lakini mwaka 1963 Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko walipolianzisha kanisa la Legio Maria, ambalo makao yake matakatifu ni Got Kwer, Migori, waumini walivaa kanzu za rangi mbalimbali, msalaba umeshonwa na rozari shingoni, nao wakawa na mapadre, makadinali, hata papa wao.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mavazi ya kuazima. Mimi sikubali hoja hiyo, kwa kuwa Yesu mwenyewe alitoka Yuda, kabila ambalo Musa hakulipa ukuhani, na Waraka kwa Waebrania wamtetea kwa mfano wa Melkizedeki, ambaye nasaba yake haikuandikwa. Askofu wa Jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, ambaye kwa desturi ya Kanisa lake ngao yake huwekwa chini ya kofia ya kijani yenye vishada 6 kila upande, naye hana damu ya Haruni. Basi ikiwa ni kuazima, wote wameazima, na lililobaki kuulizwa ni kama avaaye anawabeba wagonjwa, wajane na wenye kusumbuliwa na pepo wanaomjia, au anajibeba yeye.

Kwa kipimo hicho hicho nawauliza Legio Maria jambo moja. Aoko, mwanamke, alibatiza umati mkubwa wa watu. Kisha ukuhani ukakaa mikononi mwa wanaume, naye baadaye akajitenga. Waliokwisha kuiacha damu ya Haruni kuwa sharti, wameshika kwa hoja gani uanaume wake?