Kesho Iliyolipiwa Arbuni

John Mbiti alifariki Uswisi Oktoba 2019, miezi michache tu kabla ya dunia kufungwa, na mara nyingi nimetamani angeuona mwaka 2020. Mzaliwa huyo wa Kitui ndiye aliyedai, katika kitabu chake African Religions and Philosophy kilichotoka 1969, kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni yaliyopita na yaliyopo, na kwamba wakati ujao ni kama haupo. Hoja yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuipinga: wakati ni matukio. Lisilotokea bado halijawa wakati, isipokuwa yale ambayo lazima yaje kwa mzunguko wa maumbile, kama masika na mavuno. Wasomi wenzake walimwandama kwa hoja hiyo miaka mingi. Mimi, kwa niliyoyaona nyumbani kwa dada yangu hapa Mombasa, nasema alipatia nusu.

Harusi ya binti wa dada ilikuwa iwe Jumamosi ya kwanza ya Aprili, ndani ya Shaaban, ili wawahi kabla ya mfungo. Bwana harusi alikuwa kazini Dubai, tiketi ameshakata. Machi 13 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kenya. Siku mbili baadaye Rais Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Machi 25 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na Machi 27 ikaanza kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ilipofika Aprili 8, kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna wa kutoka wala wa kuingia. Jumamosi ile ilikuwa imeshapita. Ilikuja na kuondoka kama siku nyingine yoyote, na hapo ndipo Mbiti alipopatia: tarehe tulikuwa nazo tele, matukio hatukuwa nayo, na mwaka mzima ukawa kama debe tupu. Mpaka leo ukimuuliza mtu jambo fulani lilikuwa lini, akigusa 2020 anakwama.

Lakini njoo kwenye daftari. Lilikuwa daftari la mistari la mtoto wa shule, jalada limelowa samli, na dada alilifungua sakafuni huku simu ikiwa kwenye chaji. Ukurasa wa kwanza ukumbi, ameshatoa arbuni. Wa pili mpishi, na kando yake magunia ya mchele na kuni. Kisha mwenye mahema, mpambaji, mtia hina. Kisha kurasa nne za sare: shangazi gani kachukua mita ngapi, nani kalipa, nani kalipa nusu, nani atalipa mume akituma pesa. Pembeni mwa majina mengine aliandika kwa kalamu nyekundu mambo ambayo mhasibu asingeyaelewa: huyu tulimpikia siku tatu harusi ya mwanawe, huyu alimtunza bi harusi wetu mkubwa.

Akaanza kupiga simu. Mwenye mahema alisema arbuni ilishalipa karo, na sasa hizo shule zenyewe zimefungwa. Ukumbi hawakurudisha, walimpa nafasi ya tarehe nyingine, ila ni tarehe gani hapakuwa na wa kuitaja. Fundi alikuwa ameshakata vitambaa vya watu kumi na mmoja. Kitambaa kikishapita kwenye mkasi hakirudi dukani.

Hapo ndipo ninapoona kosa la Mbiti, na si lake peke yake. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwingine, wa pwani ya Algeria ya leo, aliandika karibu na mwaka 400 kwamba mambo yajayo yapo, ila yapo rohoni mwa mtu, kama matarajio. Mmoja aliitafuta kesho na kuikosa, mwingine akaifungia ndani ya nafsi moja. Ile ya dada yangu haikuwa rohoni mwake. Ilikuwa kwa fundi, imekatwa. Ilikuwa kwa mwenye mahema, imeliwa. Ilikuwa imesambaa mtaa mzima, kila mtu ana kipande chake, na kila kipande kilikuwa cha leo: pesa iliyotoka, kazi iliyoanza, neno lililotolewa mbele ya watu. Mpango, kwa hesabu yangu, ni deni lililopo. Ukivunjika, kinacholegea ni kile kilichokuwa kimewafunga watu leo, ndiyo maana uchungu wake haungoji ile siku ifike.

Waliosema kwamba korona imetufundisha kusema inshallah walinikera kidogo. Nyumba ile inshallah haikuwahi kukosekana. Iliandikwa mpaka juu ya kadi za mwaliko. Ukisema inshallah unakiri kwamba tukio si lako. Arbuni ni yako.

Tusisahau pia kwamba kuwa na mpango wa kuvunjika ni mali. Shemeji yangu alikuwa mhudumu wa hoteli ya watalii. Alirudishwa nyumbani bila mshahara, na mchango aliouahidi kwa harusi ukayeyuka pamoja na pesa ya unga. Kwa wabebaji mizigo waliokuwa wakilipwa jioni na kula jioni hapakuwa na kesho ya kuahirisha. Walinyang'anywa leo yenyewe, na falsafa yangu ya madeni haina la kuwaambia.

Ramadhani ilikuja. Haikuhitaji daftari wala arbuni, mwezi uliandama mwishoni mwa Aprili na watu wakafunga, sawasawa na alivyosema Mbiti kuhusu yale yajayo yenyewe. Misikiti ikiwa imefungwa, tarawehe zilisaliwa sebuleni, na imamu wetu akawa mdogo wake bi harusi, kijana wa kidato cha nne aliyehifadhi juzuu mbili. Yeye naye alikuwa na kesho yake iliyopangwa, na Julai 7 waziri wa elimu George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Kwamba serikali inaweza kuufuta mwaka ni jambo la kustaajabisha. Suruali ya sare ya shule haikupata taarifa hiyo, na Oktoba 12, walipoitwa kurudi watahiniwa na darasa la nne, ilimfika juu ya vifundo vya miguu na mamake akalazimika kuifumua upindo. Mtihani wa KCSE wa 2020 ulifanywa Machi na Aprili 2021 na ukaendelea kuitwa wa 2020. Wizara ya elimu, bila kukusudia, ilimfuata Mbiti: wakati ni wa tukio, kalenda ingoje.

Nikaha ilifungwa Juni, kabla ya hayo. Sheria ya dini iliiruhusu kwa wepesi: bwana harusi akampa uwakala mjomba wake, walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari yametajwa, akakubali kwa niaba yake. Watu hawakuzidi kumi sebuleni, barakoa usoni, na Dubai wakatazama kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la maua. Kwa Mungu na kwa sheria, binti aliolewa kamili. Dada yangu hakuona hivyo. Kwa miaka mingi amechambua mchele kwenye harusi za wenzake, amekesha jikoni kwenye moshi wa kuni, ametunza mabibi harusi wa watu kwa noti alizozihesabu mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Kila mara alikuwa akiweka akiba kwa watu, na siku ya kuichukua ilikuwa ile Jumamosi. Kwa hiyo kesho yake ilijengwa kwa jana zake, tofali kwa tofali. Kadhi hawezi kumlipa hiyo.

Binti sasa anaishi Dubai na ana mtoto. Alipokuja likizo, mamake alianza tena habari ya kupamba na karamu ya wanawake. Alijibu: "Mama, mimi nimeshaolewa. Hizo pesa zisomeshe watu." Ana haki, na gharama za harusi za mjini huku zimevuka akili, mwenyewe nimewahi kulisema hilo na nikanuniwa. Mamake alimjibu kwamba yeye ni bi harusi tu, harusi si yake peke yake hata aifute. Kwenye hilo mimi niko na dada. Mpango uliofungwa na watu arobaini hauvunjwi na mmoja, hata kama ndiye aliyekuwa akae kwenye kiti cha mbele, na serikali iliyoizuia siku ile haikufuta lolote ndani ya daftari. Mwenye mahema anajua. Kila wakikutana sokoni yeye ndiye anayeuliza kwanza: harusi lini?