Daraja na Stahili

Mashabiki wa mpira wa miguu wana usemi wao ambao husikika kila msimu uishapo. Klabu kubwa inaposhuka daraja, watu husema: "Hapa si mahali pake." Klabu ndogo inapopanda, husema vile vile: "Hapa si mahali pake." Maneno ni mamoja lakini nia zake ni mbili, kwa ile kubwa ni maneno ya kuliwaza, na kwa ile ndogo ni maneno ya kudharau. Wasemao hivyo huamini kuwa kila klabu ina daraja lake la asili, kama samaki alivyo na maji yake na mti ulivyo na udongo wake. Yafaa tuipime imani hiyo. Je, ina ukweli? Na kama ina ukweli, je, ukweli huo huzaa haki?

Baadhi ya watu husema kuwa mahali pa klabu huwekwa na historia yake. Basi na tutazame Uingereza, ambako mashindano ya ligi yalianza mwaka 1888 kwa klabu 12. Katika msimu ule wa kwanza Preston North End ilitwaa ubingwa bila ya kushindwa hata mchezo mmoja, na mwaka uliofuata ikautwaa tena. Kama historia ingalikuwa hati ya kumiliki, hapana klabu ambayo ingalikuwa na hati bora kuliko hiyo. Lakini Preston ilishuka kutoka daraja la juu mwaka 1961, na tangu hapo haijarudi. Notts County, iliyoundwa mwaka 1862 na iliyokuwa miongoni mwa zile 12 za kwanza, ilianguka nje ya madaraja yote manne ya juu mwaka 2019, ikakaa huko hadi mwaka 2023. Historia ni heshima, na heshima ni kitu chema. Lakini heshima haifungi bao.

Wengine husema kuwa mahali pa klabu huwekwa na nguvu zake, yaani ukubwa wa mji wake, wingi wa watazamaji wake na uzito wa mfuko wake. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Mkono mtupu haulambwi, na klabu yenye fedha hununua wachezaji ambao klabu maskini huwaona kwa mbali. Atakaye kutabiri msimamo wa ligi kwa kuzitazama hazina za klabu hatakosa sana. Lakini litokealo mara nyingi si lazima liwe la asili. Leicester City ilishuka hadi daraja la tatu mwaka 2008. Mwaka 2016 ikawa bingwa wa Uingereza nzima. Na mwaka 2023 ikashuka tena kutoka daraja la juu. Mji ulikuwa ule ule na jina lilikuwa lile lile. Mahali pake pa asili palikuwa wapi? Mtu aweza kujibu kuwa ni daraja la pili, kwa kuwa ndilo lililo katikati ya hayo mengine. Lakini jibu hilo hupatikana kwa kuhesabu mambo yaliyokwisha kutokea. Wastani huzaliwa na matokeo. Matokeo hayazaliwi na wastani.

Tena upo mfano wa kutufikirisha zaidi. Ligi ya Uingereza ilipoanza upya mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliamuliwa kuwa daraja la kwanza liongezwe nafasi mbili. Katika msimu wa mwisho kabla ya kusimama, yaani ule ulioisha mwaka 1915, Barnsley ilikuwa ya tatu katika daraja la pili, na Arsenal ilikuwa chini yake. Lakini nafasi moja kati ya hizo haikutolewa kwa msimamo. Ilitolewa kwa kura. Arsenal ilipata kura 18, na Barnsley ikapata 5. Arsenal ikapanda, na tangu siku ile haijashuka. Barnsley ilingoja hadi mwaka 1997 ndipo ikacheza katika daraja la juu, na baada ya msimu mmoja ikarudi ilikotoka. Leo mtu akiulizwa ni ipi kati ya klabu hizi mbili ambayo ni ya daraja la juu kwa asili, atajibu upesi bila ya kuwaza. Jibu lake ni la kweli kwa jinsi mambo yalivyo. Lakini asisahau kuwa asili hiyo anayoisema ilianzia katika chumba cha mkutano, mikononi mwa watu wachache.

Hapana haja ya kuinyang'anya Arsenal sifa yake. Kura iliipandisha mara moja tu. Kudumu juu kwa zaidi ya miaka 100 ni kazi yake yenyewe. Lakini ni haki kuuliza Barnsley ingalikuwaje leo kama ingalipewa mlango ule. Swali hilo halina jibu, na kwa sababu halina jibu, hapana mtu awezaye kusema kwa hakika kuwa Barnsley iliumbiwa chini. Mara nyingi tunachokiita asili ni desturi ya siku nyingi ambayo mwanzo wake umesahauliwa.

Desturi ya namna hii hudhuru zaidi inapogeuzwa kuwa sheria. Kwa miaka mingi klabu zilizokuwa nje ya madaraja manne ya Uingereza hazikuweza kuingia kwa ushindi peke yake. Ilizipasa kuomba, na klabu zilizokwisha kuwamo ndizo zilizopiga kura. Aliyemo ndani alikuwa mshindani na papo hapo hakimu. Wimbledon ilikubaliwa kwa kura hizo mwaka 1977. Miaka 9 baadaye ilikuwa imefika daraja la kwanza, na mwaka 1988 iliishinda Liverpool katika fainali ya kombe la nchi. Kama kura za mwaka 1977 zingalikwenda upande mwingine, watu wangalisema hadi leo kuwa mahali pa Wimbledon ni katika ligi za vichochoroni, na hapana ambaye angaliwakosoa. Tangu mwaka 1987 mlango ulifunguliwa: bingwa wa ligi ya chini aliyetimiza masharti ya uwanja na fedha alipanda, na wa mwisho akashuka. Mwaka ule Scarborough ilipanda na Lincoln City ikashuka. Jambo hilo halikuleta usawa wa mali, lakini lilileta usawa wa mlango.

Imani ya daraja la asili haiwadhuru wadogo peke yao. Leeds United ilifika nusu fainali ya mashindano ya mabingwa wa Ulaya mwaka 2001. Ilikuwa imekopa fedha nyingi kwa kutumaini kuwa itaendelea kukaa katika meza ile ya wakubwa. Meza ilipoondolewa deni lilibaki. Mwaka 2004 ikashuka daraja, na mwaka 2007 ikashuka tena hadi la tatu. Mpanda ngazi hushuka, lakini ajidhaniaye kuwa amezaliwa juu ya ngazi hashuki, huanguka.

Ubaya wa imani hii ulidhihirika waziwazi mwezi wa Aprili mwaka 2021. Klabu 12 tajiri za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza kuwa zitaanzisha ligi yao ya Ulaya, ambayo waanzilishi wake hawatashuka kamwe hata wakishindwa. Maana ya tangazo lile ilikuwa moja: sisi tumekwisha kufika mahali petu, na ngazi iondolewe. Mashabiki walikasirika, na waliokasirika hawakuwa wa klabu ndogo tu; mashabiki wa klabu zile zile tajiri walisimama nje ya viwanja vyao wakipinga. Katika siku chache klabu zote sita za Uingereza zilijitoa. Watu wale walitambua kwamba ushindi ambao hauna hatari ya kushindwa hauna ladha. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Yamkini msomaji atauliza: je, si ukatili kuipa klabu ndogo matumaini ya kupanda ilhali twajua kuwa huenda itashuka upesi? Nadhani sivyo. Msimu ule mmoja wa Barnsley haukuwa sadaka wala makosa ya mwandishi wa jedwali. Ulikuwa mali yake, iliyonunuliwa kwa alama ilizozichuma. Na kushuka kwake hakukufuta kupanda kwake. Klabu ina mahali inaposimama leo, napo hapana budi kukubaliwa, kwa kuwa hesabu za uwanjani hazibishwi. Lakini mahali inaposimama si mahali ilipofungwa kamba. Wimbledon ilipopewa ruhusa ya kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki wake waliobaki waliunda klabu mpya mwaka 2002, wakaanzia daraja la tisa. Hawakusema kuwa daraja la tisa haliwafai, wala hawakusema kuwa ndilo lao milele. Walilicheza, wakalivuka, na mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kuingia tena katika madaraja manne ya juu.

Hapa kwetu Kenya, Mathare United iliundwa mwaka 1994 kutokana na chama cha michezo cha vijana wa mtaa wa Mathare, Nairobi, ambao sifa yake kwa wengi ilikuwa umaskini tu. Mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa nchi. Waliokuwa wakihesabu mali peke yake hawakuwa na safu ya kuandika jambo hilo.

Vijana wasomao insha hii nao huwekwa katika madaraja. Hupangwa kwa alama, kwa shule walizoitwa na kwa mitaa waliyotoka. Na kila mahali hapakosi mtu wa kuwaambia mahali pao pa asili. Daraja la leo lisikanwe, maana akanaye hajui aanzie wapi kazi yake. Lakini lisiabudiwe pia, wala na aliye chini wala na aliye juu. Stahili ya kweli haikai katika jina, wala katika mfuko, wala katika kura za waliotangulia kufika. Hupimwa upya kila msimu, na haki ya kwanza ya kila mshindani ni kukuta mlango wazi.