Haki ya Kughairi

Katika kitabu chake kuhusu uhuru, kilichotoka mwaka 1859, mwanafalsafa John Stuart Mill alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, Mill alisema, unaweza kumkamata ukamrudisha bila kuuvunja uhuru wake, kwa sababu hakukusudia kutumbukia mtoni. Lakini kama hatari anaijua, na hakuna mwenye hakika kwamba daraja litavunjika, mwonye kisha umwache.

Kila anayeruka magenge au kutembea juu ya waya hujikinga kwa hoja hii, hata asiyewahi kumsikia Mill: roho ni yangu. Naikubali. Ila daraja la Mill halina watazamaji.

Franz Reichelt alikuwa nao. Fundi cherehani huyu, mzaliwa wa himaya ya Austria, alishona huko Paris vazi ambalo lingefunguka likawa parachuti. Sanamu alizozivika na kuzirusha zilianguka vibaya, naye akajiaminisha kwamba kasoro ilikuwa ni kimo kidogo. Basi Jumapili asubuhi, tarehe 4 Februari 1912, alifika kwenye Mnara wa Eiffel. Polisi walikuwa wameruhusu jaribio wakielewa kwamba itarushwa sanamu. Yeye akatangaza kwamba ataruka mwenyewe. Rafiki zake walimsihi. Waandishi wa habari walikuwepo, na wapiga filamu pia, juu na chini. Akapanda kiti kilichowekwa juu ya meza, akaweka mguu ukingoni, akasita kwa sekunde kama 40, kisha akajirusha kutoka mita 57. Vazi lilimzonga tu. Alikufa palepale.

Kinachonishughulisha ni kule kusita. Hatari aliiona kwa macho yake, kwa hiyo kwa kipimo cha Mill alikuwa huru. Lakini kushuka zile ngazi, kupita katikati ya wale aliowaita mwenyewe waje kumtazama, na kesho yake kufungua duka huku magazeti yakimdhihaki, nadhani kulidai moyo mkubwa kuliko kuruka. Tunasema alichagua, wakati mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umezibwa na watu.

Tusimwonee Mill. Katika kanuni yake aliwatoa watoto, waliorukwa na akili, na waliotekwa na msisimko hata wasiweze kutafakari. Tatizo ni kwamba katika michezo ya kuhatarisha maisha, msisimko ndio mchezo wenyewe. Ukiwatoa waliotekwa nao, utabaki na nani?

Pengine na Alex Honnold. Mwaka 2016 alianza kuupanda bila kamba El Capitan, ukuta wa jabali wa takriban mita 900 huko Yosemite, California, kamera zikiwa tayari. Akiwa bado sehemu za chini aliona mambo hayajakaa sawa, akaacha. Tarehe 3 Juni 2017 alirudi, akafika juu kwa saa tatu na dakika 56. Dunia inazikumbuka saa hizo. Mimi naithamini zaidi ile siku ya kuacha. Wapiga filamu wake walikuwa wapanda miamba wenzake, na walihofia waziwazi kwamba kuwapo kwao kungemsukuma. Kamera zilikuwepo kwa Reichelt na kwa Honnold, lakini waliozishika hawakuwa watu wa namna moja.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, walisema wahenga. Hawakutuambia kwamba mara nyingi kicheko hicho huanza kwa mwoga kuchekwa.

Kilimanjaro swali la nani yuko huru kuamua huwa gumu zaidi. Ukikaribia kilele cha Uhuru, mita 5,895, uhaba wa oksijeni unaweza kuuvuruga ubongo wenyewe: anayetakiwa kuamua ndiye asiyeweza tena kuamua. Mgeni amelipa maelfu ya dola, amewaaga jamaa zake, anaitaka picha ya pale kwenye kibao cha kileleni. Kiongozi wake anapomwambia, “Basi, tunashuka,” Mill angekuwa upande wa kiongozi; mtu huyo halioni daraja. Ila bakshishi ya kiongozi, ambayo anaitegemea kulipa ada za watoto, hutoka mfukoni mwa huyo huyo anayerudishwa.